Ziwa Likipumzika, Mvuvi Ale Nini?

Mkulima hulilaza shamba lake, na hakuna jirani amwitaye mvivu. Mfugaji humwacha ndama anyonye kabla ya yeye mwenyewe kukamua, na hakuna amwitaye mjinga. Lakini mtu akisema kwamba ziwa nalo lapaswa kupumzishwa, husikia maneno mengi: ati ziwa ni kubwa, ati samaki ni wa Mungu na hawaishi, ati hiyo ni sheria ya watu wa ofisini wasioijua njaa. Maneno ya namna hiyo yalisikika sana katika mwambao wa Kigoma, kuanzia Bangwe na Katonga hata Kibirizi na Ujiji, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024. Leo twapenda kuyapima maneno hayo bila hasira na bila kumpendelea mtu, maana katika hayo limo jambo la upuuzi, na limo pia jambo la haki ambalo halifai kupuuzwa.

Tutaanza mbali kidogo, katika nchi za baridi, kwa sababu huko yuko samaki mmoja ambaye habari zake zaweza kutufunza. Msomaji atuvumilie; safari ni fupi, na mwisho wake ni Bangwe.

SAMAKI WA MABWANA

Samaki huyo huitwa trauti. Ni samaki wa maji ya baridi, yaendayo mbio na kupita juu ya mawe. Maji yakizidi joto la digrii 20 hivi huanza kutaabika, kwa kuwa maji ya moto hayashiki hewa nyingi ya kumtosha. Wako wa aina mbili wajulikanao zaidi. Trauti wa kahawia asili yake ni Ulaya na nchi zinazopakana nayo. Trauti wa upinde wa mvua, aliyepewa jina hilo kwa rangi za ubavuni mwake, asili yake ni mito iingiayo katika bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kaskazini na upande wa mashariki ya Urusi.

Watu wa huko humvua kwa nzi. Si nzi wa kweli, bali ni ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi kwa ustadi mwingi, hata ikafanana na mdudu wa mtoni. Nzi huyo hana uzito wa kumwezesha kurushwa, kwa hiyo mshipi wenyewe ndio uliofanywa mzito, nao hutupwa kwa ufito mrefu mwembamba, ukapinda hewani mbele na nyuma, kisha ukamlaza nzi juu ya maji taratibu kama jani liangukalo.

Wakati wa baridi kali kazi hiyo ni ngumu. Samaki hulala chini, mahali maji yaendapo polepole, wala hana haraka ya kula, kwani joto la mwili wake hufuata joto la maji. Mvuvi hana budi kumpitisha nzi karibu kabisa na mdomo wake, tena nzi awe mdogo sana, maana wadudu wa majira hayo ni wadogo. Hungoja mpaka adhuhuri, jua lipashe maji kidogo. Baridi ikianza kupungua na miti kuchipua, mambo hugeuka. Wadudu waliokaa chini ya mawe muda mrefu huelea juu, huvua magamba yao, hupata mbawa, na samaki huinuka kuwafuata. Hapo mvuvi mwenye macho humtazama mdudu aliyetoka siku ile, ukubwa wake na rangi yake, kisha huchagua katika kijaluba chake nzi wa kumfanana.

Mfanyakazi wa Kigoma akisikia haya atacheka. Mtu mzima asimame ndani ya maji ya baridi hata kiunoni, tangu asubuhi mpaka jioni, apate samaki mmoja. Na mara nyingi, akisha kumpata, amfungue ndoano na kumrudisha majini! Lakini tusicheke upesi. Elimu ya mtu yule ni ndugu na elimu ya mvuvi wetu atazamaye mwezi na upepo kabla ya kutia mtumbwi majini. Tofauti yao haiko katika akili. Tofauti ni kwamba yule huvua apate kujifurahisha, na huyu huvua watoto wapate kula.

Sasa tutazame sheria yao. Huko Scotland hairuhusiwi kumvua trauti wa kahawia kuanzia tarehe 7 Oktoba hadi tarehe 14 Machi. Sababu ni kwamba miezi hiyo ndiyo ya kuzaa. Jike huchimba changarawe kwa mkia wake, huzaga mayai, kisha huyafukia, nayo hukaa humo wakati wote wa baridi. Mtu akipita juu yake kwa viatu vizito huyaponda. Basi wavuvi huwaacha. Wengine huenda kwenye mabwawa yaliyotiwa trauti wa kufugwa, wengine huvua samaki wa aina nyingine ambao hawazai wakati huo, wengine hukaa nyumbani wakifunga nzi wao kwa ajili ya msimu ujao. Hakuna anayeiita sheria hiyo dhuluma.

Wazungu walipoenda kutawala nchi za mbali walimchukua samaki wao pamoja nao. Mwaka 1864 mayai ya trauti yalifika Tasmania yakiwa hai, katika merikebu iliyokuwa na chumba cha barafu. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan aliwatia trauti wa kutoka Loch Leven, Scotland, katika mto Gura, milimani Aberdare, nchini Kenya. Kwetu pia, wakati wa utawala wa Waingereza, trauti walitiwa katika mito ya Kilimanjaro na ya Rungwe. Kwetu hakuna majira ya barafu, lakini urefu wa milima ulitosha kuwapatia maji ya baridi waliyoyataka.

Samaki huyo alipofika alitungiwa sheria. Mtu hakuruhusiwa kumvua bila leseni. Mito mingine ilikuwa ya nzi tu, chambo kikakatazwa. Aliyekuwa mdogo kuliko kipimo alirudishwa majini. Kule Kiganjo, karibu na Nyeri, kilijengwa kituo cha kumtotoa na kumlea, na tangu mwaka 1948 kazi hiyo ilifanywa na serikali yenyewe. Samaki mmoja wa mchezo wa watu wachache alipata sheria, alipata mlinzi, alipata mlezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, aliyelisha wapagazi wa Ujiji, na wajenzi wa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na makuli wa bandarini, na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, alingoja zaidi ya miaka 60 baada ya Uhuru kabla nchi zote zinazolizunguka ziwa hazijakubaliana kumpumzisha kwa pamoja.

Hatusemi haya ili kumchukia trauti, wala kuilaumu sheria iliyomlinda. Sheria ile ilikuwa njema. Kasoro ilikuwa kwamba wema wake ulikomea mezani pa mabwana. Kazi yetu si kuitupa. Kazi yetu ni kuuleta wema huo mpaka katika sahani ya mfanyakazi.

ZIWA NI KUBWA, LAKINI CHUNGU NI KIDOGO

Turudi sasa katika mwambao wetu. Wale wasemao kwamba ziwa ni kubwa wasema kweli kwa macho, lakini kwa samaki hawasemi kweli. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670. Kina chake hufika meta 1,470, na katika dunia nzima ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake lipitalo hapo. Lakini maji hayo ya chini hayana hewa. Upande wa kaskazini, ukishapita kina cha meta 100 hivi, na upande wa kusini ukishapita meta 200 hivi, hakuna samaki awezaye kuishi. Basi ziwa la samaki ni lile tabaka la juu tu, kama malai juu ya maziwa. Yaliyobaki chini ni maji mengi yasiyo na kitoweo.

Hata hivyo maji ya chini yana mbolea. Kila kitu kifacho ziwani huzama huko na kuoza. Upepo wa kusini, uvumao kwa nguvu kuanzia Mei hata Septemba, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na yale ya chini yakapanda upande wa kusini kuchukua nafasi yake. Mbolea ikifika penye jua huotesha mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea huliwa na vijidudu. Vijidudu huliwa na dagaa. Dagaa huliwa na migebuka na sangala. Nao wote huliwa na sisi. Msingi wa biashara yote ya samaki, tangu kaanga la mama wa Bangwe hata gunia liendalo Dar es Salaam kwa garimoshi, ni upepo ule.

Sasa dunia yapata joto. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, hukataa kuchanganyika na maji mazito ya chini, na mbolea hubaki kuzimu. Mwaka 2003 wataalamu walioyapima maji na matope ya ziwa walieleza kwamba ukuaji wa ile mimea midogo ulikuwa umepungua kwa kadiri ya asilimia 20, na wakakadiria kwamba upungufu huo waweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Joto hilo halikuletwa na mvuvi wa Katonga. Limeletwa kwa sehemu kubwa na viwanda na magari ya mataifa makubwa. Lakini chungu ndicho kilichopungua, na wakati huo huo mikono iingiayo chunguni imeongezeka. Watu wamezaana, mitumbwi imeongezeka, injini zimekuja, nyavu zimekuwa ndefu na macho yake madogo, na taa zimekuwa kali. Mtu asemaye kwamba tuendelee kuvua kama jana anasahau kwamba ziwa la leo si ziwa la jana.

Habari njema ni kwamba dagaa si trauti. Dagaa hukua upesi, huzaa upesi, na maisha yake hayapiti sana mwaka mmoja. Samaki wa namna hiyo akiachwa kwa miezi michache hurudisha hesabu yake mapema. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, akivuliwa angali mchanga, mwaka ule ule huonekana upungufu, na mgebuka amtegemeaye naye hupungua. Avuaye vichanga vya dagaa amevua mara mbili: ameuvua mchuzi wa kesho na ameivua nyama ya kesho kutwa.

MWEZI NI MWALIMU WA ZAMANI

Wapo wasemao kwamba kulipumzisha ziwa ni desturi ya kigeni. Nao tunawajibu kwa kuwaonyesha mwezi. Babu zetu walivua dagaa usiku kwa mwanga wa kuni. Baadaye ikaja karabai, na leo zimeenea taa za betri na za nguvu ya jua. Katika vizazi vyote hivyo jambo moja halikubadilika: giza likiwa zito, taa huwavuta dagaa; mbalamwezi ikijaa, taa haina kazi. Hivyo kila mwezi wavuvi wa mwambao huwa na siku ambazo mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu huanikwa na kushonwa, mbao zilizooza hubadilishwa, na mvuvi hulala usiku kama watu wengine.

Mtu atasema: hukaa nyumbani kwa sababu hapati kitu, si kwa sababu ya kumhurumia samaki. Twakubali. Lakini tazama matokeo yake. Nyumba ya mvuvi imejifunza kuhesabu siku. Mke wa mvuvi ajua kwamba mwezi ukikaribia kujaa hana budi kubakiza kitu. Mwenye duka ajua kwamba wakati huo atakopesha, na giza likirudi atalipwa. Elimu ya kupumzika na kujiwekea tayari imo katika mifupa ya watu wa mwambao. Lililo geni si pumziko. Lililo geni ni urefu wake. Kutoka siku chache za mbalamwezi mpaka siku tisini na zaidi ni njia ndefu, na kibuyu kilichozoea safari ya kijiji cha pili hakitoshi safari ya jangwani.

Hapa ndipo lilipo lile jambo la haki tulilolisema mwanzoni.

MZIGO HUU ABEBE NANI?

Mvua trauti akikatazwa kuvua kwa miezi mitano hupoteza mchezo. Mshahara wake uko pale pale. Mvuvi wa Bangwe akikatazwa kwa miezi mitatu hupoteza chakula. Wala si wote wapotezao sawa. Mwenye chombo aghalabu ana kitu kingine: ana nyumba ya kupangisha, ana duka, ana shamba, au ana magunia ya dagaa aliyoyaweka bei ipande. Lakini wale wavuao ndani ya chombo hicho, wakeshao na kuvuta kamba mpaka viganja vikachanika, hawana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa mgawo wa walichopata, baada ya kuondolewa mafuta na gharama nyingine. Pasipo samaki hakuna mgawo. Pamoja nao wako akina mama waanikao dagaa mchangani na vichanjani, wako wachukuzi, wako wasukuma mikokoteni, wako washonaji wa nyavu, wako mama lishe wauzao uji na chai alfajiri mwaloni. Hao wote hawamo katika leseni yo yote, lakini ziwa likifungwa, kazi yao nayo imefungwa.

Na mtu mwenye njaa afanyaje? Wengi huvumilia, na twawapa heshima yao. Lakini mmoja kati ya kumi akishindwa, atachukua kokoro, au chandarua kilichotolewa kwa ajili ya kuzuia mbu, atakwenda ufukweni usiku wa manane penye maji mafupi. Hapo ndipo vichanga vya samaki wengi hukulia. Atavua vile vile ambavyo sheria ilikusudia viokoke. Akikamatwa ataitwa mhalifu, na mhalifu ni kweli. Lakini hakimu akimwuliza kwa nini amekula mbegu, jibu lake litakuwa kwamba ghala lilikuwa tupu. Sheria ifungayo ziwa bila kulifikiria ghala huwatuma watu kula mbegu.

Watu wa dini walilijua jambo hili zamani. Wana wa Israeli walipoamriwa kuyapumzisha mashamba yao mwaka wa saba, amri hiyo hiyo ilitaja maskini na chakula chao. Na ndugu zetu Waislamu wa Ujiji wajua kwamba funga ina futari yake. Hakuna afungaye bila kutazamia jua kutua, na hakuna jirani mwema aachaye jirani yake afuturu maji matupu. Ziwa likifunga, nalo lapaswa kuwa na futari, tena futari hiyo ipangwe kabla ya funga kuanza.

YAFAAYO KUTENDWA

Kwanza, wavuvi wenyewe wajiwekee akiba kwa pamoja. Hesabu yake si ngumu. Mwaka ukiwa na miezi tisa ya kuvua na mitatu ya kupumzika, basi kwa kila shilingi tatu za matumizi, moja haina budi kuwekwa. Mtu mmoja peke yake hataweza. Jioni moja ya ugonjwa wa mtoto yatosha kuimaliza. Lakini ushirika waweza. Fedha ikikatwa kidogo kidogo pale mwaloni kabla ya mgawo, ikaandikwa katika daftari ambalo kila mwanachama anaruhusiwa kulisoma, ikawekwa benki badala ya kuwekwa chini ya godoro la mwenyekiti, mwezi wa Mei utawakuta watu wana kitu. Vikundi vya kusimamia uvuvi vipo katika mialo yetu. Visiwe vya kuhesabu nyavu haramu tu. Viwe pia vya kuhesabu akiba.

Pili, wenye vyombo wakumbuke kwamba samaki hawakupanda mtumbwini wenyewe. Aliyefaidika na jasho la watu kwa miezi tisa ana wajibu kwao katika miezi mitatu. Miezi hiyo ni ya kutengeneza vyombo, kushona nyavu na kuunda mitumbwi mipya. Kazi hizo wapewe wale wale wavuvi wa chombo, nao walipwe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililaani unyonyaji wa mtu kwa mtu. Ziwa lililofungwa ni mizani nzuri ya kumpima nani anakumbuka Azimio kwa moyo na nani analikumbuka kwa mdomo.

Tatu, Serikali na Manispaa watangaze tarehe mapema, kabla watu hawajakopa fedha za nyavu. Kadhalika, ufugaji wa samaki katika vizimba, ambao unahimizwa kama njia nyingine ya riziki, usiwe mali ya wale ambao tayari wana mali. Kizimba kimoja kwa kikundi cha wavuvi kumi wasio na chombo chafaa zaidi kuliko vizimba kumi kwa tajiri mmoja. Na doria iwe na macho mawili: jicho moja lione mtumbwi mdogo wa mtu maskini, na jicho la pili liione boti kubwa ya mtu ajulikanaye. Doria yenye jicho moja huharibu sheria kuliko mharamia.

Nne, ziwa hili halina ua. Kongo ina sehemu ya asilimia 45, Tanzania asilimia 41, Burundi asilimia 8, na Zambia asilimia 6. Dagaa aliyelala usiku upande wa Kigoma aweza kuamka upande wa pili, wala hachukui hati ya kusafiria. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa mwaka 2003, mjini Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Mkataba huo ni wenye maana ikiwa taa zote zazimwa pamoja. Mvuvi wetu akikaa nyumbani na njaa yake huku akiona taa zikiwaka ng'ambo, moyo wake utavunjika, na hatutakuwa na neno la kumwambia. Viongozi wetu na waikazanie habari hiyo katika mikutano yao kwa nguvu ile ile waitumiayo kumkazania mvuvi wa Katonga.

Tano, matokeo yapimwe, na wenye ziwa waambiwe. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo chake Kigoma. Wataalamu wake wafike mialoni, wapime samaki kabla ya kufunga na baada ya kufungua, kisha wasimame mbele ya wavuvi na kueleza kwa Kiswahili kilicho wazi: dagaa wameongezeka au hawakuongezeka, wamekua au hawakukua. Ikiwa miezi iliyochaguliwa ndiyo bora, watu waonyeshwe. Ikiwa mingine ni bora zaidi, ibadilishwe. Mvuvi hutii mwezi kwa sababu kila mara mwezi humwonyesha kwamba ni mkweli. Sheria nayo itatiiwa kwa njia hiyo hiyo.

Sita, na hili latuhusu sisi tusiovua. Dagaa wabichi wakionekana sokoni katikati ya mwezi wa Juni, wakati ziwa limefungwa, wametoka wapi? Mfanyakazi anunuaye fungu hilo kwa kuwa ni rahisi amekuwa mshirika wa kokoro. Asiyenunua ametia mkono wake katika doria bila kuvaa sare. Tule maharage, tule mboga za majani, tule dagaa wakavu waliovuliwa kwa halali. Miezi mitatu haimalizi mtu aliye na kitu kingine sahanini.

NENO LA MWISHO

Watu wa nchi za baridi wamemngojea samaki wao kwa miaka mingi, wakivumilia theluji mpaka miti ichipue, nao humngojea kwa ajili ya mchezo tu. Sisi tunaye samaki ambaye ni kitoweo cha maskini, ni mshahara wa mvuvi, ni ada ya shule ya mtoto wa mwanika dagaa, na ni jina jema la Kigoma katika kila soko la Tanzania. Tukishindwa kumngojea yeye, haitakuwa kwa sababu hatuna akili. Itakuwa kwa sababu tulimwachia mtu mmoja angoje na njaa, wengine tukangoja tumeshiba.

Kwa hiyo ndugu wavuvi, ziwa likifungwa, litiini. Ndugu wenye vyombo, watazameni watu wenu. Ndugu viongozi, wekeni futari kabla ya kutangaza funga. Samaki aachwe akue, na aliyemwacha akue asife njaa akimngojea.